Ubora wa maisha kwa mwenye kisukari kilichofika kwenye figo: maana yake nini?

Ubora wa maisha ni namna mtu anavyoyaona maisha yake mwenyewe: mwili, nafsi, uhusiano na watu na mazingira anamoishi, akiyapima kwa matarajio yake na desturi za kwao. Ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoieleza dhana hii. Anayejibu ni mgonjwa. Karatasi ya maabara haiwezi kumjibia.

Kisukari kisipodhibitiwa kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu ndani ya figo. Protini huanza kupotea kwenye mkojo bila mgonjwa kuhisi lolote, na mara nyingi miguu inapokuja kuvimba figo zimeshaumia sana. Kreatinini, taka inayopimwa kwenye damu, itakuonyesha figo zimefikia wapi. Haitakuambia kama mama anayeuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, bado anamudu kusimama tangu alfajiri, wala kama jioni anaweza kupanda mawe ya mlima wa Igogo hadi mlangoni kwake bila kukaa njiani mara kadhaa.

Ndiyo maana kuna madodoso. Mojawapo, la wagonjwa wa figo, lina maswali 36: huuliza juu ya ngozi kuwasha, misuli kukaza, kunywa maji kwa kipimo, uwezo wa kusafiri, tendo la ndoa, na kama mgonjwa anajiona mzigo kwa familia. Hilo la mzigo ndilo linaloniuma zaidi, maana wengi hulibeba kimya.

Chukua mkazi wa kisiwa cha Ukerewe ambaye figo zimeshindwa kabisa. Kusafishwa damu kwa mashine kwa kawaida ni mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila mara. Huduma hiyo ipo hospitali ya Bugando, Mwanza, lakini kuvuka ziwa kutoka bandari ya Nansio kila mara hakuwezekani, hivyo anahamia kwa ndugu mjini na kuacha shamba la muhogo na mke wake. Mashine inamweka hai. Ila ukimuuliza anaishije, atakutajia nauli, chumba cha kuazima na watoto asiowaona.

Kisha kuna sahani. Viazi vitamu vina potasiamu nyingi, na figo zikishindwa kuitoa inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa hiyo Msukuma aliyekulia kwenye michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, anaambiwa aipunguze au aiache, na vilevile kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, kwa sababu ya chumvi hiyo. Wenzake wanakula pamoja, yeye anapakuliwa pembeni.

Si yote ya kuvumilia tu. Uchovu unaomkalisha mtu njiani huenda ni upungufu wa damu unaoletwa na figo, nao una tiba. Kuwashwa, kukosa usingizi na huzuni ya muda mrefu vinaweza kupunguzwa. Sukari ikianza kushuka ghafla, usidhani kisukari kimepona: figo dhaifu huchelewa kuondoa insulini mwilini, na huenda dozi inahitaji kupunguzwa. Mweleze daktari haya yote siku ya kliniki, hata kama ameuliza namba za sukari peke yake.