Ndege ndogo kuishiwa mafuta: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kwenye gati la Manda, ambako abiria walioteremka kwenye ndege hungojea boti ya kuwavusha hadi mji wa Lamu, mazungumzo ya ajali za angani hayakosi, na ndani yake kuna kauli isiyokufa: mafuta yakiisha, ndege huanguka kama dafu lililoanguliwa mnazini. Si kweli. Kinachoibeba ndege ni hewa inayopita kwenye mabawa. Kazi ya injini ni kuisukuma mbele. Injini ikinyamaza, rubani huinamisha pua kidogo na ndege huendelea mbele huku ikishuka. Cessna 172, ndege ya injini moja iliyoenea sana duniani, husogea takribani mita 9 kwa kila mita 1 inayoshuka, kwa hiyo kutoka kimo cha mita 1,000 rubani ana kama kilomita 9 za kutafutia pa kutua. Tabu ni hapo pa kutua, maana kati ya Malindi na Lamu chini kuna mikoko, maji ya delta ya Tana na bahari.

Dhana iliyo mbaya zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba mafuta ya safari hupimwa kwa umbali. Umbali wa Malindi hadi Lamu ni takribani kilomita 140 kwa mstari ulionyooka, leo na kesho, lakini injini hula mafuta kwa saa. Nahodha wa jahazi hahitaji somo hili. Ndege inayokwenda kilomita 200 kwa saa hufika kwa dakika 42 hewa ikiwa shwari. Kaskazi ikiipiga usoni kwa kilomita 40 kwa saa, safari hiyo hiyo huzidi dakika 52. Ndiyo sababu kanuni za Marekani, kwa mfano, humtaka rubani wa ndege anayeruka kwa kutazama nje awe na mafuta ya kumfikisha aendako na akiba ya dakika 30 mchana, au 45 usiku.

Geji nayo huaminiwa kupita kiasi. Rubani makini hupanda hadi kwenye bawa, hufungua kifuniko cha tangi, hutumbukiza kijiti chenye alama na kutazama unyevu umeishia wapi, kama afanyavyo mwenye boti kabla ya kwenda mbali.

Wala si lazima matangi yote yakauke. Mwanamuziki John Denver alifariki tarehe 12 Oktoba 1997 katika Ghuba ya Monterey, California, akiwa peke yake ndani ya ndege ya Long-EZ ambayo kishikio chake cha kubadilishia tangi kilikuwa nyuma ya bega la kushoto la rubani. Kabla ya kuruka alikataa kuongezewa mafuta. Wachunguzi walihitimisha kwamba alipokuwa akihangaika na kishikio hicho alishindwa kuidhibiti ndege.

Husemwa pia kwamba hayo ni makosa ya wanagenzi. Mwaka 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliyohitaji kilo 22,300 za mafuta ilipaa ikiwa na ratili 22,300, yaani chini ya nusu, kwa sababu vipimo vilichanganywa. Injini zote mbili zilizimika njiani. Rubani wake, aliyezoea kurusha ndege zisizo na injini, aliishusha kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, Kanada, na hakuna aliyekufa.