Pima namba ndefu kwanza, fonti itafuata

Wengi wakikaa kutengeneza ripoti ya kuchapwa huanza na fonti: hii inapendeza, ile imezeeka, bosi anataka ifanane na ya kwenye nembo. Mimi naanzia upande wa pili. Namba ndefu kuliko zote itakayowahi kuingia kwenye safu hii ni ipi? Violezo vingi vinavyokuja na programu za biashara vimejaribiwa kwa sampuli kama 1,250.00, herufi nane tu, kwa sababu waliovitengeneza huhesabu dola au euro. Weka humo jumla ya mwaka ya msambazaji wa saruji kwa shilingi za Tanzania, 1,250,000,000.00, zinakuwa herufi kumi na sita. Safu haijaongezeka hata nywele.

Upana huu haubahatishwi, unahesabiwa. Kwenye Arial kila tarakimu ina upana wa 0.556 ya ukubwa wa fonti, na mkato au nukta 0.278. Namba yetu ina tarakimu 12 na alama 4. Kwa pointi 9, tarakimu zinakula pointi 60 na alama pointi 10, jumla 70. Pointi moja ni 1/72 ya inchi, karibu milimita 0.353, kwa hiyo namba peke yake ni milimita 24.7. Iache ipumue milimita 2 kila upande, na safu itataka 29. Karatasi ya A4 iliyosimama wima, yenye pambizo ya milimita 25 kushoto na 15 kulia, inakuachia 170. Debiti, krediti na salio zimeshachukua 87. Zinabaki 83 za tarehe, namba ya hati na maelezo. Zinatosha kwa kujibana. Ikija safu ya nne ya fedha, laza karatasi. Usiishushe fonti hadi pointi 7, maana anayeisoma leja saa kumi na moja jioni ni binadamu.

Wakibanwa, wengi hukimbilia Arial Narrow. Ni kweli inabana: zile milimita 24.7 zinashuka hadi 20.3. Lakini bakia na Arial ya kawaida, uondoe ile .00 mwishoni, upime tena. Unapata 20.3 ile ile. Yaani umeyasumbua macho ya wasomaji ili kuzitunza sifuri mbili ambazo hakuna anayelipwa wala kulipa. Angalizo moja tu: senti usizifiche kwenye uchapaji huku mfumo ukiendelea kuzihesabu kwa ndani. VAT ya mistari thelathini, kila mmoja na vipande vyake vya senti, itafanya jumla iliyochapwa ipishane kwa shilingi moja au mbili na mistari inayoonekana juu yake, na mkaguzi mwenye kikokotoo ataiona kabla ya kitu kingine chochote. Kadirisha kwanza hadi shilingi kamili kwenye mfumo, kwa kila mstari, ndipo uondoe desimali kwenye ripoti.

Namba isipoenea, programu hazifanyi jambo moja. Excel huweka ########. Crystal Reports, programu ya kuchora ripoti, nayo huweka alama hizo, mradi chaguo la Allow Field Clipping kwenye mpangilio wa namba halijawekewa tiki. Likiwa na tiki, namba inakatwa kimyakimya. JasperReports, programu nyingine ya aina hiyo, uwanja ukiachwa na tabia yake ya kawaida, huchapa kinachoenea na kutupa kilichobaki. Mimi alama za reli nazihesabu kuwa rehema: zinaudhi, lakini hazidanganyi. 1,250,000,0 iliyokatwa inaweza kupita mezani kwa watu watatu na kupata sahihi. Kwenye Jasper kuna chaguo la textAdjust lenye StretchHeight (hurefusha uwanja kwenda chini) na ScaleFont (hupunguza fonti). Ya kwanza itumie kwenye maelezo na majina ya wateja, kwani maneno yanaweza kushuka mstari wa pili bila madhara. Kwenye fedha usitumie yoyote. Namba iliyovunjika mistari miwili ni hatari, na safu ambayo kila namba ina ukubwa wake haijumlishiki kwa jicho. Panua safu, basi.

Fonti yenyewe

Sharti langu la kwanza ni tarakimu za upana sawa, ili 1 ichukue nafasi ile ile ya 8 na mamia yakae chini ya mamia. Arial, Calibri, Liberation Sans na Verdana zinalitimiza bila kuambiwa. Raleway, ambayo imo kwenye orodha ya fonti za hati za Odoo, mfumo wa biashara, na huchaguliwa sana kwa sababu ni nyembamba na maridadi, huja na tarakimu za mtindo wa kale: 3, 4, 5, 7 na 9 zinaning'inia chini ya mstari, 0, 1 na 2 zimekuwa fupi kama herufi ndogo. Kwenye kichwa cha barua zinapendeza. Kwenye orodha ya wadaiwa safu nzima inaonekana kama meno yaliyopandana. Georgia nayo ina tabia hiyo hiyo.

La pili ni herufi nene. Mstari wa jumla karibu kila mara hukolezwa, na fonti nyingine zikikolezwa hupanuka. Tarakimu ya Verdana ni 0.636 ikiwa ya kawaida na 0.711 ikikolezwa, ongezeko la karibu asilimia 12, tena kwenye mstari wenye namba ndefu kuliko zote. Ndiyo maana unakuta ripoti ambayo mistari yote imekaa sawa ila jumla imejaa reli. Tarakimu za Arial na Calibri zina upana ule ule, ziwe nene au nyembamba.

La tatu ni herufi zinazofanana. PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi ya Kenya, ni herufi moja, tarakimu tisa, kisha herufi nyingine. Ile ya mwisho ikiwa I au O, mtu anayeinakili kutoka kwenye ankara iliyopigwa picha ya simu atakosea. Kwa namba za utambulisho, namba za mfululizo (serial) za bidhaa na akaunti za benki natumia Consolas, ambayo sifuri yake imepigwa mstari katikati na I ina vijimkia. Fonti mbili kwenye ukurasa mmoja hazidhuru kitu zikiwa na kazi tofauti.

Na epuka uzito wa Light, yaani fonti yenye vijiti vyembamba. Ripoti ya ofisini haiishi maisha yake kwenye karatasi ya kwanza: itatolewa fotokopi, nakala itagongwa mhuri, kisha itapigwa picha na kutumwa WhatsApp. Kufikia hapo vijiti vyembamba vimeshayeyuka. Kwa sababu hiyo hiyo siweki kivuli cha kijivu kwenye mstari mmoja baada ya mwingine. Leza huchapa kijivu kwa nukta ndogondogo, na fotokopi ya pili huzigeuza uchafu. Mstari wa pointi 0.5 chini ya kila mistari mitano unamwongoza msomaji vizuri zaidi. Ule uitwao hairline uache. Kwenye printa ya 600 dpi (nukta 600 kwa inchi) unaweza kutoka ukiwa na nukta moja tu, milimita 0.04.

Kwako ilikuwa sawa, kwenye seva imeharibika

Malalamiko haya huja wiki ile ile mfumo unapohamishiwa seva ya Linux. Ripoti imechorwa kwenye Windows kwa Calibri. Seva haina Calibri, na haigomi: inachukua iliyonayo, mara nyingi DejaVu Sans. Tarakimu ya Calibri ni 0.507, ya DejaVu ni 0.636, yaani robo nzima zaidi. Namba yetu ile kwa pointi 9 inatoka milimita 22.5 hadi 28.3, na safu ya milimita 25 iliyokuwa ikitosha jana leo haitoshi. Mtu atasema sasisho limeharibu ripoti.

Andika amri ya fc-match Calibri kwenye seva uone itakujibu nini. Dawa haihitaji leseni: fonti ya Carlito imetengenezwa iwe na vipimo vile vile vya Calibri, na Liberation Sans vile vile vya Arial. Kwenye Debian na Ubuntu vifurushi vyake ni fonts-crosextra-carlito na fonts-liberation. Ukishaviweka, anzisha upya huduma inayotoa ripoti. Kisha fungua PDF, nenda kwenye sifa za hati, sehemu ya fonti, uhakikishe kila fonti imeandikwa Embedded au Embedded Subset, yaani imepachikwa ndani ya faili. Isiyopachikwa itabadilika tena kwenye kompyuta ya mteja, na hapo hutakuwepo kueleza.

Karatasi na panchi

Angalia kama kiolezo ni A4 au Letter. Letter ni milimita 215.9 kwa 279.4, A4 ni 210 kwa 297. Printa ikiambiwa ijipange yenyewe, itapunguza kila kitu hadi kama asilimia 97. Kwa ripoti ya kawaida hutagundua, lakini kwenye fomu iliyokwisha kuchapwa na mtambo, namba hazitaangukia kwenye visanduku vyake. Badilisha ukubwa kwenye kiolezo, na wakati wa kuchapa PDF chagua Actual size.

Pambizo ya kushoto ya milimita 25 niliyoitaja siyo ya urembo. Panchi ya kawaida hutoboa matundu mawili yaliyoachana milimita 80, kitovu chake milimita 12 kutoka ukingoni, na tundu lenyewe lina kipenyo cha milimita 6. Milimita 15 za kwanza zimeshakwenda. Karatasi ikishaingia kwenye box faili lililojaa, inajikunja karibu na chuma na kumeza nyingine kadhaa. Weka pambizo ya milimita 15 na safu ya tarehe itaanzia pale pale tundu linapoishia. Kwa ripoti ya kulala, tundu kawaida huwa kwenye ukingo mrefu, kwa hiyo pambizo kubwa ihamie juu.

Kwa pointi 9 mimi huweka kimo cha mstari milimita 5. A4 ya wima, ukitoa 15 juu, 20 chini na 70 za nembo na anwani, inabeba mistari 38 kwenye ukurasa wa kwanza. Kurasa zinazofuata, zikiwa na kichwa kifupi cha 25, mistari 47. Namba hizo zinakusaidia kujua ni ankara ipi itamwaga mstari wa jumla peke yake kwenye ukurasa wa pili, pamoja na sahihi. Jumla isiyo na mstari hata mmoja wa bidhaa juu yake ni mwaliko wa kubadilishiwa ukurasa wa kwanza. Ifunge jumla na mistari miwili ya mwisho isiachane, na uache milimita 40 za kimo kwa sahihi na mhuri, usije ukagongwa juu ya namba.

Kwenye Odoo, PDF hutengenezwa na wkhtmltopdf, programu ambayo waandishi wake walifunga hifadhi ya msimbo wake mwaka 2023, kwa hiyo kasoro zake zizoee. Jedwali likipanda juu ya nembo, pambizo ya juu kwenye Paper Format ni ndogo kuliko kimo cha kichwa cha ukurasa, iongeze. Mstari ukikatwa katikati kati ya kurasa mbili, ipe tr (lebo ya HTML ya mstari wa jedwali) sifa ya page-break-inside: avoid. Vichwa vya safu visipojirudia, hakikisha vimo ndani ya thead, lebo ya kichwa cha jedwali.

Ukivitafsiri vichwa hivyo kwa Kiswahili, vipime upya. "Balance" ni herufi saba, "Kiasi kilichobaki" ni kumi na saba ukihesabu nafasi, na programu nyingi hazijui pa kukata neno la Kiswahili. "Baki" inatosha kabisa.

Risiti na printa za sindano

Huku fonti si yako, ni ya printa, na kipimo ni idadi ya herufi. Karatasi ya milimita 80 huchapwa kwenye upana wa 72, nukta 576, na fonti A ya nukta 12 inakupa herufi 48. Mgawo ninaoupenda: jina 22, idadi 4, bei 9, kiasi 10, na nafasi moja kati ya kila viwili. Kiasi kikubwa kinachoenea ni 99,999,999. Karatasi ya milimita 58 ina herufi 32 tu. Usilazimishe safu nne. Jina lichukue mstari wake, chini yake 3 x 12,500 kushoto na 37,500 kulia.

Epson LX-350 na wenzake bado wanafanya kazi kwenye maghala kwa sababu ya nakala za kaboni. Ipelekee maandishi matupu kupitia draiva ya Generic / Text Only, si picha. Ukituma picha, ankara moja inachapwa kwa muda ambao lori lingeshapakiwa. Kwa herufi 10 kwa inchi unapata herufi 80 kwa mstari, ukibana hadi 17.1 unapata 137. Kama maandishi yanashuka mistari minne kila ukurasa, programu inahesabu A4 yenye mistari 70 wakati karatasi ya mnyororo ni inchi 11, mistari 66.

Na ukiona risiti imeandika "NgΓÇÖombe", printa haijapagawa. Mtu alinakili jina la bidhaa kutoka Word, ambako ile alama ya ng' hugeuzwa kuwa iliyopinda, U+2019. Kwa UTF-8, usimbaji wa herufi wa siku hizi, alama hiyo ni baiti tatu, E2 80 99, na printa inayosoma jedwali la zamani la herufi, la 437, inazichapa kama Γ, Ç na Ö. Badilisha alama hiyo kuwa U+0027, ile iliyonyooka ya kibodi, pale jina linapohifadhiwa kwenye mfumo, si pale linapochapwa, maana vinginevyo karani akitafuta ng'ombe kwa kibodi yake hatampata.