Ugumba usioelezeka: kusubiri au kuanza tiba?

Daktari anapanga majibu mezani, karatasi moja baada ya nyingine. Mayai yanapevuka kila mwezi. Mirija ya uzazi iko wazi. Mbegu za mume zinatosha na zinaogelea vizuri. Kisha anatamka maneno ambayo wengi hutoka nayo wakiwa wamechanganyikiwa kuliko walivyoingia: ugumba usioelezeka.

Hiyo haina maana kwamba sababu haipo, wala kwamba "ni mawazo tu", kama ndugu wengine wanavyopenda kusema. Maana yake ni kwamba mke na mume wametafuta mtoto kwa miezi 12 au zaidi, wanakutana mara kwa mara bila kinga, na vipimo vya msingi havijaona kasoro. Vipimo vyenyewe si vingi, na kila kimoja kina mwisho wake. Picha ya mirija inaonyesha kama imeziba, lakini haionyeshi kama mrija ulio wazi unalidaka yai na kulisafirisha inavyotakiwa. Maabara inahesabu mbegu na kutazama mwendo wake, lakini haiwezi kukuhakikishia kwamba zikifika zitalirutubisha yai. Na ubora wa yai lenyewe, likiwa bado mwilini, hakuna kipimo cha kawaida kinachouona.

Kwa hiyo katika kundi hili wamo watu wa aina mbili: wenye tatizo lililojificha, na wasio na tatizo lolote ila zamu yao haijafika. Hawa wa pili si wachache. Chukua wenza wenye nafasi ya asilimia 20 ya kushika mimba kila mwezi, kiwango cha kawaida kabisa kwa vijana wenye afya. Piga hesabu ya miezi 12: katika kila wenza 100 wa namna hiyo, karibu 7 watamaliza mwaka mikono mitupu, na hawaumwi chochote. Ndiyo maana takriban nusu ya wanaokosa mwaka wa kwanza hushika mimba mwaka wa pili bila kumeza hata kidonge.

Basi tiba ianze lini? Tafiti mbili zinalionyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo marefu. Ya kwanza ilifanyika Uholanzi, matokeo yake yakatoka 2006. Waliohusika ni wenza ambao nafasi yao ya kupata mimba wenyewe ndani ya mwaka ilikadiriwa kuwa asilimia 30 hadi 40. Nusu walipewa dawa za kuchochea mayai pamoja na kuwekewa mbegu zilizosafishwa moja kwa moja kwenye mfuko wa uzazi, nusu wakaambiwa wasubiri. Baada ya miezi sita, waliosubiri hawakuachwa nyuma: mimba zilizoendelea zilikuwa asilimia 27 kwao, na 23 kwa waliotibiwa. Ya pili ilifanyika New Zealand, ikachapishwa 2018, kwa wenza ambao nafasi yao ilikuwa chini ya asilimia 30. Tiba ilikuwa ya aina ileile, ya kuchochea mayai na kuweka mbegu, kwa mizunguko mitatu. Waliotibiwa walipata watoto kwa asilimia 31, waliosubiri asilimia 9.

Kwa hiyo, kwangu mimi, kumwuliza daktari "tiba ipi ni nzuri?" ni kuanzia katikati. Swali la kwanza ni: nafasi yetu bila tiba, katika mwaka ujao, ni kiasi gani? Hukadiriwa hasa kwa umri wa mwanamke, muda mliotafuta, kama mliwahi kushika mimba hapo nyuma, na mwendo wa mbegu. Mwanamke wa miaka 28 aliyetafuta kwa miezi 13, na aliwahi kubeba mimba, anaweza kusubiri miezi sita mingine au mwaka bila kupoteza kitu kikubwa. Mwenye miaka 38 na miezi 13 ileile yuko mahali tofauti kabisa, kwa sababu kila mwezi anaosubiri, mayai yanapungua idadi na ubora. "Subira yavuta heri" ni ushauri mzuri kwa wa kwanza. Kwa wa pili, mimi nisingethubutu kumwambia. Ndiyo sababu wenye miaka 35 na kuendelea hushauriwa kwenda kupimwa baada ya miezi sita tu, na waliofika 40 wasisubiri hata hiyo.

Wakishaamua kuanza, madaktari wengi huanza na hiyo njia ya kuchochea mayai na kuweka mbegu, mizunguko mitatu au minne. Ikikataa, huhamia kwenye upandikizaji, yaani yai kurutubishwa maabara na kurudishwa tumboni. Uingereza ina msimamo wake: mwongozo wake wa 2013 uliwataka wengi watimize miaka miwili ya kutafuta kabla ya kufikiriwa upandikizaji. Vidonge vya kuchochea mayai peke yake, bila kuweka mbegu, ni tabia ya kuachwa. Kwa mwanamke ambaye mayai yake tayari yanapevuka, klomifeni pekee haijaonyesha kumsaidia kuliko kukaa bila dawa. Na dawa za kuchochea zina gharama yake mwilini, kubwa ikiwa ni mimba ya mapacha au zaidi, ambayo ni hatari kwa mama na watoto. Asiyehitaji dawa anaibeba hatari hiyo bure.

Kabla hamjaenda kuuliza, hesabuni miezi yenu vizuri. Siku za kushika mimba ni kama sita tu kila mzunguko, zinazoishia siku yai linapotoka. Mume akiwa safarini wiki hiyo, mwezi huo haumo kwenye hesabu. Kuna wanaosema wametafuta miaka miwili, na wakikaa na kalenda wanakuta ni miezi tisa.