Chama si ukoo: mambo ya utumwa na vyama vya Marekani ninayosahihisha kila muhula

Ninafundisha historia na uraia kwa watu wazima hapa Lexington, Kentucky. Darasa ni la jioni, kwa Kiswahili, na wengi wa wanafunzi wangu wametoka Kongo ya mashariki. Wako pia Wakenya, Warundi na Watanzania wachache. Wanajiandaa kwa mahojiano ya uraia. Kila tukifika kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, mkono huinuka, na swali huwa lile lile. Safari hii aliyeuliza ni mama mmoja wa Uvira ambaye hakosi kipindi hata akitoka zamu ya usiku.

"Mwalimu, nimeona kwenye simu kwamba Democratic ndicho chama cha watumwa, na Republican ndicho kilichowatoa utumwani. Sasa mbona watu weusi wa hapa wanawapigia kura waliowafunga minyororo?"

Kabla sijafungua mdomo, kijana wa nyuma akamjibu: "Hapana mama, walibadilishana. Mwaka 1964 hawa wakawa wale, na wale wakawa hawa."

Darasa likaitikia kwa vichwa, kana kwamba kesi imeamuliwa. Majibu haya mawili nimeyasikia mara nyingi mno. Yote mawili yanakichukulia chama kama ukoo: ama damu ya babu ndiyo ya mjukuu, ama koo mbili ziliamka asubuhi moja zikapeana majina.

Dhana: "Chama cha watumwa ni kile kile, na cha wakombozi ni kile kile"

Nianze na yaliyo kweli, maana mama yule hakudanganywa yote. Chama cha Democratic kilijengwa na watu wa Andrew Jackson, rais aliyemiliki watumwa. Chama cha Republican kilizaliwa mwaka 1854 kwa hasira dhidi ya sheria ya Kansas na Nebraska, iliyofungua mlango wa utumwa kuingia maeneo mapya ya magharibi. Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyofuta utumwa, yalipita Baraza la Wawakilishi tarehe 31 Januari 1865 kwa kura 119 dhidi ya 56, na Warepublikani ndio walioyabeba. Seneta wa kwanza mweusi, Hiram Revels wa Mississippi, aliingia mwaka 1870 akiwa Mrepublikani.

Baada ya vita, waliowanyang'anya watu weusi kura huko Kusini walikuwa Wademokrati. Waliandika katiba ya Mississippi ya 1890 yenye kodi ya kura na mtihani wa kusoma. Mwaka 1898, mjini Wilmington, North Carolina, waliipindua kwa bunduki serikali ya mji iliyochaguliwa kihalali, wakaua watu weusi mitaani. Rais Woodrow Wilson, Mdemokrati, aliruhusu wafanyakazi weusi watengwe katika ofisi za serikali kuanzia 1913. Mwaka 1922 muswada dhidi ya makundi yaliyokuwa yakiwanyonga watu weusi bila hukumu ulipita Baraza la Wawakilishi, ukauawa Seneti na Wademokrati wa Kusini kwa kuongea mfululizo ili kura isipigwe. Haya yameandikwa, hayafutiki, na Mdemokrati anayeyaficha anawakosea waliouawa.

Kosa linaanza pale mtu anapotoka 1865 na kuruka moja kwa moja hadi leo, kama aliyesoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho wa daftari. Katikati kuna mengi. Mwaka 1877 Mrepublikani Rutherford Hayes alipata urais katika uchaguzi wenye mgogoro, na askari wa serikali kuu waliokuwa wakiwalinda wapiga kura weusi Kusini wakaondolewa. Chama cha wakombozi kilichoka. Wapiga kura weusi walilitazama jambo hilo kwa miaka mingi, na walipoanza kuhama hawakusubiri 1964: mwaka 1936, enzi za dhiki kuu ya uchumi, wengi wao walimpigia Franklin Roosevelt, Mdemokrati. Mpango wake wa kuinua uchumi haukuwa safi. Sheria ya pensheni ya 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa mashamba na wa majumbani, kazi ambazo weusi wengi wa Kusini walikuwa nazo. Lakini ulileta kazi na chakula, nao walipima walichokiona.

Mwaka 1948 Rais Truman, Mdemokrati, aliamuru ubaguzi uondolewe jeshini. Wademokrati wa Kusini walikasirika, wakamsimamisha Strom Thurmond, gavana wa South Carolina, agombee urais kwa chama chao cha pembeni, akashinda majimbo 4. Hapo ndani ya chama kimoja kulikuwa na vyama viwili. Mwaka 1957 Rais Eisenhower, Mrepublikani, alipeleka askari Little Rock, Arkansas, kuwasindikiza wanafunzi 9 weusi shuleni. Katika uchaguzi wa urais wa 1960, kati ya Kennedy wa Democratic na Nixon wa Republican, kura ya weusi bado iligombewa pande zote, na sisi wa Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu: Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alipotafuta nauli za ndege za wanafunzi wa kuja kusoma Marekani, mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, huku kambi ya Nixon nayo ikihangaika ili Wizara ya Mambo ya Nje ilipie. Nixon alipata takriban theluthi moja ya kura za weusi mwaka huo. Miaka minne baadaye, Seneta Barry Goldwater, mgombea wa chama hicho hicho, aliambulia takriban asilimia 6, kwa kuwa alipiga kura ya hapana kwa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi.

Sasa sheria hiyo yenyewe. Mitandaoni watu hupenda kusema kwamba Warepublikani waliiunga mkono kwa asilimia kubwa kuliko Wademokrati. Ni kweli: katika Baraza la Wawakilishi Wademokrati walipiga ndiyo 152 na hapana 96, Warepublikani ndiyo 138 na hapana 34. Ila mimi darasani nawalazimisha wanafunzi wachore mstari kwenye ramani, watenge majimbo 11 ya Kusini yaliyojitenga mwaka 1860 na 1861, kisha wahesabu upya. Nje ya majimbo hayo, Wademokrati ni 145 kwa 9 na Warepublikani 138 kwa 24. Ndani ya majimbo hayo, Wademokrati ni 7 kwa 87, na Warepublikani 0 kwa 10. Mstari uliogawa kura ile ulikuwa wa jimbo kuliko wa chama. Bila Everett Dirksen, kiongozi wa Warepublikani Seneti, kuongea mfululizo kwa Wademokrati wa Kusini ili kuzuia kura kusingevunjwa. Maseneta wetu wawili wa Kentucky, Warepublikani wote, walipiga ndiyo. Jirani yetu, Seneta Robert Byrd wa West Virginia, Mdemokrati, alisimama akaongea zaidi ya saa 14 kuipinga.

Kwa hiyo kila mtu anaponiuliza chama fulani kilifanya nini, nami namuuliza: mwaka gani, na jimbo gani? Wanafunzi wamechoka kusikia hivyo. Nitaendelea.

Na swali la mama lina jambo linaloniumiza kidogo. Linachukulia kwamba mamilioni ya Wamarekani weusi hawajui historia yao, hadi video ya dakika mbili iwafundishe. Wanaijua. Babu zao walikuwa Warepublikani kwa sababu, na wajukuu wakahama kwa sababu, na wapo kati yao hadi leo wanaopigia Republican kwa sababu zao.

Dhana: "Walibadilishana mwaka 1964"

Hili la kijana lina nusu ya ukweli, ndiyo maana ni gumu kuling'oa. Thurmond alihamia Republican Septemba 1964. Lakini James Eastland na John Stennis, maseneta wa Mississippi waliopigania ubaguzi miaka yote hiyo, walibaki Wademokrati hadi walipostaafu. Byrd, aliyewahi kuwa mwanachama wa Ku Klux Klan, kundi la weupe lililowatisha na kuwaua weusi, na akaja kujutia, alifia Seneti akiwa Mdemokrati mwaka 2010.

Walioondoka walikuwa wapiga kura, na waliondoka polepole. Mwaka 1964 Goldwater alichukua majimbo 5 ya Kusini ya ndani. Mwaka 1968 George Wallace, gavana wa zamani wa Alabama, alichukua 5 kwa chama cha tatu, huku Nixon akiwabembeleza weupe wa Kusini kwa lugha ya utulivu na utawala wa sheria. Mwaka 1976 Jimmy Carter, Mdemokrati, alirudisha karibu Kusini yote; katika yale majimbo 11 alipoteza Virginia tu. Warepublikani hawakupata wingi wa viti vya Kusini katika Baraza la Wawakilishi hadi uchaguzi wa 1994. Hapa Kentucky, baraza la wawakilishi la jimbo lilikaa mikononi mwa Wademokrati kwa karibu miaka 100, hadi 2016. Toka 1964 hadi 2016 ni miaka 52. Watoto wamezaliwa, wameoa, wamepata wajukuu.

Wakenya darasani huelewa haraka nikiwakumbusha KADU. Wakati wa uhuru, Daniel arap Moi alikuwa mwenyekiti wa chama cha KADU, mpinzani wa KANU, chama tawala. Mwaka 1964 KADU ikavunjwa ikaingia KANU, na kuanzia 1978 Moi huyo huyo, sasa rais, ndiye aliyeishika KANU. Jina la chama lilibaki lile lile. Aliyelishika ndiye aliyetoka kwingine.

Kwamba Warepublikani waliwinda kura za chuki ya rangi, hilo si la kubuniwa na mahasimu wao. Mwaka 2005 mwenyekiti wa chama chao wa wakati huo, Ken Mehlman, alisimama mbele ya NAACP, jumuiya ya kutetea haki za weusi, akakiri kwamba baadhi yao walijaribu kunufaika na mgawanyiko wa rangi, na kwamba walikosea. Mwaka uliofuata Seneti ilihuisha Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, inayolinda kura za weusi, kwa kura 98 kwa 0, akaitia saini Rais George W. Bush, Mrepublikani. Yote mawili yaingie daftarini.

Dhana: "Lincoln aliwaachia huru watumwa wote mwaka 1863"

Mtu akilisema hili hapa Kentucky, namtoa nje nimwonyeshe ardhi aliyosimama juu yake. Abraham Lincoln, rais wa kwanza Mrepublikani, alizaliwa jimbo hili, na mkewe Mary Todd alizaliwa mji huu, katika familia iliyomiliki watumwa. Katika uchaguzi wa 1860 Kentucky ilimpa kura 1,364 tu. Tangazo lake la kuwaachia watumwa huru, la tarehe 1 Januari 1863, liligusa maeneo yaliyokuwa katika uasi. Kentucky haikujitenga, kwa hiyo halikuihusu, na watu zaidi ya 200,000 waliokuwa watumwa hapa mwaka 1860 hawakupata chochote kwa karatasi ile.

Walijikomboa kwa miguu. Kuanzia 1864 wanaume walikimbilia kambi ya jeshi ya Camp Nelson, kwa kuwa aliyejiandikisha alikuwa huru. Zaidi ya 10,000 walipata mafunzo pale. Wake na watoto waliowafuata hawakuwa huru, na Novemba 1864 takriban 400 kati yao walifukuzwa kambini kwenye baridi kali, vibanda vyao vikabomolewa. Zaidi ya 100 walikufa. Kelele zilizofuata ndizo zilizolifanya Bunge, Machi 1865, liwape uhuru wake na watoto wa askari weusi. Waliobaki walisubiri hadi Marekebisho ya 13 yalipoanza kufanya kazi, Desemba 1865. Sikukuu ya Juneteenth, ya kuadhimisha mwisho wa utumwa, inakumbuka tarehe 19 Juni 1865 kule Texas. Siku hiyo hapa Lexington bado kulikuwa na watu wanaomilikiwa kisheria. Bunge la Kentucky liliyakataa Marekebisho ya 13, likaja kuyaidhinisha mwaka 1976.

Ukiulizwa kwenye mahojiano tangazo lile lilifanya nini, jibu fupi la kuwaachia huru watumwa litapokelewa. Mimi nawafundisha kuongeza: katika majimbo yaliyojitenga. Ni maneno machache tu, na ni ya kweli.

Dhana: "Republican kilianzishwa ili kufuta utumwa"

Wamo waliotaka hivyo. Ilani ya 1860 haikusema hivyo; ilipinga utumwa kuenea maeneo mapya na ikaacha majimbo yaamue mambo yao ya ndani. Vita, na watumwa waliokimbia, ndivyo vilivyokisogeza chama.

Dhana: "Vyama vimekuwa hivi viwili tangu mwanzo"

Nyumba ya Henry Clay iko hapa hapa mjini, inaitwa Ashland. Alikuwa mwasisi wa chama cha Whig, alimiliki watumwa, na Lincoln alimheshimu sana. Lincoln mwenyewe alikuwa Whig kabla ya Republican kuwapo. Chama hicho kilivunjika miaka ya 1850 kwa sababu ya utumwa. Kule Massachusetts kiligawanyika kati ya watu wa dhamiri, waliopinga utumwa, na watu wa pamba, yaani matajiri waliohitaji pamba ya Kusini kwa viwanda vyao. Watu wa pwani wanazijua nguo za viwanda hivyo bila kujua: ndiyo merikani, iliyoletwa Unguja na meli za Salem. Kwa hiyo nikisikia kwamba utumwa ulikuwa mambo ya Kusini peke yake, nawauliza sanda za mababu zetu zilitoka wapi.

Dhana: "Martin Luther King alikuwa Mrepublikani"

Baba yake alikuwa, hadi 1960 alipotangaza kumuunga mkono Kennedy. Mwana hakujifunga hadharani na chama chochote, na alisema wazi kwamba vyama vyote viwili vimewaangusha watu weusi.

Jumamosi hii nalipeleka darasa Camp Nelson, kama maili 20 kusini mwa hapa. Mama wa Uvira ameshaniuliza kama wale askari waliruhusiwa kupiga kura walipovua sare. Hawakuruhusiwa mara moja. Marekebisho ya 15 yaliyowapa haki hiyo Kentucky iliyakataa mwaka 1869; yakapita bila yake mwaka 1870, na ndipo wakapiga foleni.