Miwani si pambo: dhana potofu ninazozisikia kuhusu usanifu wa ndege za mizigo

Wiki iliyopita alikuja mteja hapa Chumbageni, Tanga, na modeli ya kompyuta ya ndege ndogo ya mizigo aliyoichora kwa miezi mingi. Mabawa tayari, mlango tayari, hata rangi imeshachaguliwa. Akaniambia, "Mgosi, sasa niwekee kwenye miwani, wafadhili waione." Alimaanisha miwani ya uhalisia pepe, ile ambayo ukiivaa unajiona umesimama ndani ya mchoro wa kompyuta. Si wa kwanza kunijia na ombi hilo, na kila anayekuja huja na maneno yale yale. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, ndiyo maana naandika.

"Miwani huja mwisho, ya kuonyeshea wageni"

Hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote. Miwani ya uhalisia pepe ikija mwisho, umelipia picha tu. Uzito wa ndege huamuliwa mapema, katika zile wiki ambazo mlango bado unasogezeka, sakafu bado inashushika, na bomba la hewa bado linaweza kupitishwa upande wa pili. Baada ya hapo, kila kosa hurekebishwa kwa kuongeza: kibano hapa, bati la kuimarisha pale, waya mrefu zaidi wa kuzunguka kizuizi. Zote hizo ni kilo. Ndege ya mizigo inaweza kukaa kazini miaka 30 na kuzidi, na kila kilo ya ziada inapandishwa angani kila safari. Kilo 1 ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa takriban kilo 3.16 za kaboni dioksaidi. Anayeniuliza miwani inasaidiaje mazingira, jibu langu ni hilo: inatuwezesha kuziona kilo zisizo na kazi kabla hazijageuka chuma.

Kwenye skrini ya mezani huzioni. Unakuza, unapunguza, na mwishowe tundu la sentimita 20 na la sentimita 40 yanafanana. Ukivaa miwani unasimama ndani ya chumba cha mizigo kwa ukubwa wake halisi. Ukinyoosha mkono, unajua unafika au haufiki.

Niliwahi kumwita mzee mmoja aliyepakia mizigo bandarini kwetu zaidi ya miaka 20. Hasomi michoro ya uhandisi, na kwa kazi niliyomwitia hakuhitaji kuisoma. Nikamvisha miwani, nikampa vishikio, nikamwomba afunge kufuli la paleti ya mwisho, yaani lile bati bapa linalopangwa mizigo juu yake, kule karibu na mkia. Akainama, akapiga goti, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, hapa mkono unaingia, ila ukishaingia hautoki." Bomba la hewa lilikuwa limepita juu ya kufuli. Wahandisi watatu tulikuwa tumeutazama mchoro ule kwa miezi na hatukuliona. Kulihamisha kulituchukua mchana mmoja, kwa sababu bado lilikuwa mchoro. Lingegundulika karakanani, tungekata, tungeunga, na ndege ingetoka nzito zaidi.

Kwa hiyo nasisitiza, na nitaendelea kusisitiza: wa kwanza kuvaa miwani awe mpakiaji, wa pili fundi wa matengenezo, wa tatu rubani. Mkurugenzi na wafadhili wasubiri. Na huyo mpakiaji asiingie mikono mitupu. Avae glavu zake za kazi, na mbele yake liwepo boksi halisi lenye uzito halisi, maana miwani hudanganya macho, haidanganyi mgongo.

Anayedhani haya ni matatizo ya karakana ndogo akumbuke Airbus A380, ile ndege kubwa ya abiria yenye ghorofa mbili. Ndege moja ina nyaya za zaidi ya kilomita 500. Ofisi za Ujerumani na Hispania zilikuwa zikitumia toleo la zamani la programu ya usanifu ya CATIA, za Ufaransa na Uingereza toleo jipya. Sehemu zilipofika Toulouse, Ufaransa, kuunganishwa, nyaya zikawa fupi. Mwaka 2006 ratiba ikaahirishwa tena na tena, na ndege ya kwanza ikakabidhiwa Oktoba 2007, karibu miaka 2 baada ya wakati wake. Waliokuwa wameagiza toleo la mizigo, FedEx na UPS, wakajitoa, na toleo hilo halikuundwa kamwe. Modeli za kompyuta zilikuwepo, tena za kupendeza. Kilichokosekana ni watu wote kusimama ndani ya modeli moja, mapema.

"Hilo ni gemu tu"

Programu zinazoendesha picha kwenye miwani yetu ni ndugu wa zile za gemu, hilo kweli. Lakini kilichomo ndani ni vipimo vya uhandisi: kila bati lina unene wake, kila sehemu ina uzito wake, na ukihamisha paleti moja kitovu cha uzito cha ndege nzima kinahama. Mwanao hachezi hivyo.

"Ikishapita kwenye kompyuta, majaribio ya nini tena?"

Boeing 777 ilikuwa ndege ya kwanza ya abiria ya kampuni hiyo kuchorwa yote kwa kompyuta, ikaruka mara ya kwanza Juni 1994. Pamoja na hayo, Januari 1995 waliyapinda mabawa ya ndege ya majaribio kwa makusudi hadi yakavunjika, kwenye asilimia 154 ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa safarini. Sheria inadai asilimia 150. Kompyuta ilikuwa imekisia vizuri, na bado walivunja. Mtu akikuahidi ndege isiyojaribiwa, usipande na mzigo wako usipande.

"Ndege ya mizigo ni ya abiria iliyong'olewa viti"

Nyingi zilizoko angani ndivyo zilivyo, na sehemu kubwa ya mizigo husafiri tumboni mwa ndege za abiria. Lakini ukianza na karatasi nyeupe, unaanza na kontena. Cessna SkyCourier imechorwa hivyo: tumbo lake linapokea kontena 3 za LD3, kontena za kipimo maalumu cha ndege, bila kubanana. Wafanyabiashara wetu wanauliza tani tu, hasa tangu Boeing 767 ya mizigo ya Air Tanzania ilipotua mwaka 2023 na sifa yake ya tani 54. Mzigo mwepesi hujaza nafasi kabla haujafikia tani. Ndiyo maana kwenye malipo ya mizigo ya anga, meta 1 ya ujazo huhesabiwa kama kilo 167 hata kama ulichoweka humo ni kilo 80. Nafasi tupu kati ya mzigo na ukuta wa ndege inalipiwa na mkulima, na inachoma mafuta.

"Toa mafuta, weka betri, yameisha"

Kilo 1 ya mafuta ya ndege ina takriban kilowati-saa 12. Kilo 1 ya betri nzuri ya lithiamu ina kama robo ya kilowati-saa. Mota ya umeme haipotezi nishati kama injini, lakini pengo la karibu mara 50 halizibwi na hilo. Tena betri haipungui uzito njiani kama mafuta. Caravan, ndege ya aina ile ile tunayoiona ikitua Tanga kutoka Unguja na Pemba, ilifungwa mota ya umeme ikaruka Mei 28, 2020 kule Moses Lake, Marekani. Ilikaa angani dakika 30. Nilifurahi sana siku ile, na bado nasema: kwa safari fupi, huenda, kwa tani 54, bado sana.

"Lazima uwe Ulaya, na uwe na mamilioni"

Vijana wa hapa Tanga ndio hunieleza hivi, nami husikitika. OpenVSP, programu ya NASA ya kuchora maumbo ya ndege, inapakuliwa bure. Blender nayo ni bure, na inaweza kuonyesha modeli yako kwenye miwani. Miwani ya kuanzia haina haja ya kuwa ya bei kubwa, na jozi moja inatosha watu kumi wakipokezana.

Anayetaka kuanza, nampa zoezi hili. Nenda stendi malori ya Lushoto yanapoteremsha nyanya, pima matenga kwa futi kamba: kimo, upana wa mdomo, upana wa kitako. Yachore kwa ukubwa wake. Chora paleti ya sentimita 244 kwa 318, yapange juu yake, kisha vaa miwani usimame katikati. Tenga ni la duara, paleti ni ya pembe nne. Hesabu nafasi iliyobaki kati ya matenga, halafu njoo unionyeshe sura ya kasha utakayoipendekeza, kabla hujachora hata bawa moja.