Maji, protini na wanga: yanayosemwa mazoezini na ukweli wake

"Kunywa maji mengi uwezavyo." Katika yote anayoambiwa mkimbiaji mgeni, hili ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa sababu linaweza kuua. Damu huwa na sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, kwa kiwango chake. Mtu akikimbia kwa saa nne huku akinywa kuliko jasho linalomtoka, sodiamu hiyo huzimuliwa, maji huingia kwenye seli na ubongo huvimba. Huanza kichefuchefu na kichwa kuuma, kisha kuchanganyikiwa, hata degedege. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliofika mwisho. Asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu. Kibaya zaidi, dalili zake hufanana na za kuishiwa maji, kwa hiyo mgonjwa huweza kuhimizwa anywe tena! Vinywaji vya wanamichezo navyo havimkingi anayezidisha, maana sodiamu yake ni kidogo mno kuliko ya damu. Kiu ikuongoze. Ukipima uzito baada ya mbio ukakuta umeongezeka, ulikunywa kupita kiasi.

Wengine hushikilia kwamba usipopata protini ndani ya nusu saa baada ya kunyanyua vyuma, umejichosha bure. Si kweli. Misuli iliyofanya kazi huendelea kuipokea protini vizuri kwa saa 24 au zaidi. Chenye uzito ni jumla ya siku: gramu 1.4 hadi 2.0 kwa kila kilo ya mwili, yaani gramu 98 hadi 140 kwa mwenye kilo 70, zikigawanywa katika milo. Wengi huzifikisha kwa chakula cha kawaida. Unga wa protini wa kopo hurahisisha tu.

Haraka ina maana kwenye wanga, ambao watu wanaukwepa kama sumu. Mazoezi makali huendeshwa na glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, na akiba hiyo ni ndogo. Mwenye mazoezi mawili kwa siku ale gramu 1 hadi 1.2 za wanga kwa kila kilo ya mwili, kila saa, kwa saa nne za mwanzo. Anayepumzika hadi kesho hana sababu ya kukimbizana na saa. Milo yake ya siku, wanga ukiwemo wa kutosha, itairudisha akiba hiyo.