Wapimwe mkojo kwanza?

Kila dirisha la malipo ya TASAF, mfuko wa serikali unaozipa kaya maskini fedha, linapokaribia, barazani Ngamiani hapa Tanga hapakosi mtu wa kusema, "Wapimwe mkojo kwanza, hela yetu isiishie kwenye unga," yaani heroini. Na mwenzake hudakia, "Mbona Marekani wanapima!"

Dhana: Marekani walipima, wakanasa mateja tele, serikali ikaokoa fedha.

Haya, tuiangalie hiyo Marekani. Sheria ya mwaka 1996 iliyaruhusu majimbo kupima, haikuyalazimisha. Mwaka 2011 jimbo la Florida likaamua kila mwombaji wa msaada wa fedha apimwe kwa hela yake, dola 25 hadi 45, na akikutwa safi arudishiwe. Sheria ilidumu miezi minne hivi. Waliopimwa walikuwa 4,086. Waliokutwa na dawa, 108. Hawafiki hata watatu katika kila mia, na wengi wao ni bangi tu. Waliokuwa safi walirudishiwa dola 118,140, zaidi ya msaada ambao wale 108 wangelipwa. Huko ndiko kuokoa?

Kisha Luis Lebron, askari wa zamani wa jeshi la majini aliyekuwa akimlea mwanawe peke yake, akakataa kupimwa na kwenda mahakamani. Oktoba 2011 jaji akaisimamisha sheria, na Desemba 2014 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye: huwezi kumpekua mtu kwa sababu tu ameomba msaada. Yapo majimbo yanayopima hadi leo, ila huanza na maswali au sababu ya kumshuku mhusika.

Dhana: kipimo hakidanganyi.

Mvutaji bangi wa kila siku anaweza kunaswa wiki kadhaa baada ya kuacha. Heroini hutoka mkojoni kwa siku mbili tatu. Gongo, pombe ya kienyeji ambayo kwa macho yangu imevunja nyumba nyingi kuliko unga, kwenye kipimo hicho haimo kabisa.

Dhana: hela inaingia mfukoni mwa teja.

Mlengwa wa TASAF ni kaya. Anayepanga foleni mara nyingi ni mama au bibi, na sehemu ya malipo inategemea watoto kuhudhuria shule na wadogo kupelekwa kliniki. Kijana wa kijiweni akikutwa na unga, mkakata hela, atakayelala njaa ni bibi yake na wajukuu.

Dhana: akibanwa ataacha.

Arosto, yale mateso ya kukosa unga, haina habari na dirisha la malipo. Kinachowasaidia wengi ni methadoni, dawa ya kutuliza arosto hiyo, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na sasa ipo hapa kwetu hospitali ya Bombo. Dozi ni bure, lakini kwa kawaida hunywewa mbele ya mhudumu, kila siku ya Mungu, Idi na Krismasi zikiwemo. Kwa anayetoka mbali kinachomshinda ni nauli. Na nauli hiyo, mara nyingine, hutolewa na bibi yuleyule wa foleni ya TASAF.